Dawa Isiishie Msituni: Tuliyoyaona Kakamega

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia, baada ya ziara ya masomo



Tulipatana kwamba wale watu 28 waliokwenda Kakamega kwa niaba ya vikundi watarudi kuwaeleza wenzao. Wengine wameshaeleza huko kwao, na tumesikia kwamba habari iliyofika vijijini ni ile ya nyani walioiba mkate na ya basi kukwama kwenye matope. Ni kweli, yote mawili yalitokea. Lakini hatukuchanga nauli kwa ajili ya nyani.

Tulikwenda kwa sababu ya swali ambalo vikundi vitatu vimetuletea ofisini tangu mwaka uanze. Kuna mtu anapita na pikapu, anatafuta magome ya mwiritsa. Ndio ule mti ambao Wakikuyu huuita muiri na Wanandi tendwet. Analipa kwa gunia, pesa mkononi, hapo hapo. Na sisi huku tunayo miiritsa michache, ile mikubwa iliyo kando ya mto na juu kwenye kilima, ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Kikundi kimoja kina deni la tangi la maji. Kingine kina watoto wawili yatima waliorudishwa nyumbani kwa karo. Sasa wanauliza: tumuuzie?

Hatukutaka kujibu kwa mdomo mtupu. Tulisema twendeni tukaone mahali ambapo swali hilo liliulizwa kabla yetu.

Kwanza tuwaeleze mahali penyewe, maana wengi wenu mnaujua msitu wa Kakamega kwa jina tu. Huo ni msitu wa mvua, wa namna ile ile ya misitu ya Kongo. Wataalamu wanasema zamani msitu mmoja ulitanda kutoka Afrika ya magharibi na kati ukapita Uganda mpaka huku, na Kakamega ndio kipande chake cha mwisho upande wa mashariki. Serikali ya kikoloni iliuweka chini ya idara ya misitu mwaka 1933. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, kule Buyangu, ukafanywa hifadhi ya taifa. Eneo lote lililopimwa ni kama kilomita 240 za mraba, lakini msikilizeni hapa vizuri: miti ya asili imebaki kwenye sehemu isiyofika hata nusu ya hiyo. Kwingine ni nyasi, chai, misonobari na mikalitusi.

Ukiingia ndani, baridi inakupokea kama mtu amefungua mlango. Jua huoni isipokuwa matone matone chini. Kuna miti mikubwa ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki, na kuna mitini inayokaba mti mwingine mpaka unakufa ndani, mtini ukabaki umesimama na tumbo tupu. Mmoja wa vijana wetu aliingia ndani ya tumbo hilo akaangalia juu, akasema ni kama mnara wa kanisa. Tuliona mbega weusi na weupe. Basi, ya wanyama yanatosha.

Bustani tuliyoiendea haiko ndani kabisa, iko ukingoni, upande wa Isecheno. Imetengenezwa na kikundi cha majirani wa msitu, watu kama nyinyi, wenye mashamba madogo ya mahindi na sukuma. Msifikirie bustani ya maua yenye njia za saruji. Ni kipande cha ardhi chenye kivuli, mimea imepandwa kwa mafungu, kila fungu lina kibao kilichoandikwa kwa mkono: jina la Kiluhya, jina la Kiswahili kama lipo, na sehemu inayotumika, iwe jani, gome, mzizi au utomvu. Kando yake kuna kitalu cha miche. Na hapo ndipo tofauti ilipo. Mgonjwa akija, au mganga wa mitishamba akitaka dawa, anachuma hapa. Akitaka mche, ananunua hapa. Msituni haingii mtu na panga.

Aliyetutembeza ni mama mmoja mzee, mwenye miaka zaidi ya 70. Kabla hajasema lolote alitupigia jicho mmoja mmoja, akauliza, "Kuna katekista kati yenu?"

Katekista wetu mnamjua, hajifichi. Akainua mkono.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi leo nitawaonyesha ya kikohozi peke yake."

Katekista akajibu, "Mama, hata mimi nina kikohozi."

Tulicheka wote, na yeye mwenyewe akacheka, akatuonyesha bustani yote kwa muda wa saa tatu. Lakini tuliorudi na basi tuliendelea kulifikiria swali lake. Mwanamke huyu amebatizwa tangu utoto, ni mwanachama wa jumuiya ndogo ndogo, na kwa miaka mingi alikuwa akichemsha dawa usiku ili majirani wasimwone. Kwa nini? Kwa sababu huko nyuma walikuwapo watu wa dini waliochanganya mambo mawili yasiyo ndugu. Kupiga ramli, kutafuta mchawi, kumfunga mtu hirizi na kumgombanisha na shemeji yake, hilo ni jambo moja, na Kanisa linalikataa mpaka leo. Kujua kwamba majani fulani hutuliza tumbo la mtoto ni jambo lingine kabisa. Hayo ni maarifa, kama kujua mbegu ya mahindi ipandwe lini. Someni nyumbani kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Kimo katika Biblia zetu, ingawa majirani wa madhehebu mengine wengi hawanacho katika zao. Pale mwandishi anamheshimu tabibu na dawa zinazotoka ardhini, na anamtaka mgonjwa asali na pia amwite tabibu. Halazimishi achague moja.

Hofu hiyo ilileta hasara. Mtu akificha maarifa, anakufa nayo. Tulifanya jaribio dogo njiani. Vijana tisa tuliokuwa nao walitaja miti ya dawa minne kwa jina na kazi yake. Mzee mmoja wetu kutoka upande wa mtoni alitaja 31 kabla hatujasimama kunywa chai. Hakuna aliyemfundisha kijana hata mmoja, na hakuna kijana aliyemwuliza.

Haya, turudi kwenye mwiritsa.

Mama alitupeleka kwanza kwenye mti mkubwa ulio nje kidogo ya bustani, kwenye ukingo wa msitu wenyewe. Au tuseme kwenye maiti ya mti. Umesimama, mweupe, hauna jani hata moja. Kuanzia chini mpaka mahali ambapo mtu akisimama juu ya ngazi mkono wake unafika, gome lote limechunwa kuzunguka. Alituuliza tunadhani ulikufa baada ya muda gani. Wengi tukasema wiki, mwezi. Akatikisa kichwa. Ulikaa na majani yake zaidi ya mwaka mzima, na aliyeuchuna alikuwa akipita na kuwaambia watu, mnaona, haukufa.

Hili ni jambo ambalo tunaomba kila mmoja aliye hapa alielewe mpaka aweze kumweleza mwingine. Gome la mti si nguo, ni mshipa. Upande wake wa ndani, ule utando mlaini wenye majimaji, ndio unaopitisha chakula kinachotengenezwa na majani kikateremka mizizini. Maji yenyewe hupanda kwa njia nyingine, kupitia mbao iliyo ndani. Kwa hiyo ukichuna gome kuzunguka mti mzima, maji yanaendelea kupanda na majani yanaendelea kuwa ya kijani, lakini mizizi imekatiwa chakula. Inakula akiba yake mpaka akiba inakwisha. Mti unakufa kwa njaa kuanzia chini, mahali ambapo hakuna anayeona. Ndiyo maana mchunaji huwa ameshakwenda zake mti unapoanguka.

Na kwa nini mtu wa pikapu anayataka magome hayo? Wazee hapa wanajua, ingawa naona wengine wanaangalia chini. Mwanaume akizeeka, ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mkojo huvimba, na kukojoa kunakuwa taabu. Anaamka mara nne usiku. Waganga wetu walitumia gome la mwiritsa tangu zamani. Ufaransa ilijifunza habari hiyo, na dawa iliyotengenezwa na magome haya ilianza kuuzwa Ulaya yapata mwaka 1970. Tangu hapo magunia kwa magunia yamevuka bahari kutoka Afrika, na Kenya imo katika nchi zilizouza.

Kameruni ndiko walikouza zaidi, na hadithi yao ndiyo jibu letu. Mwanzoni kulikuwa na kiwanda kimoja kikubwa, na wachunaji walifundishwa kanuni. Ugawanye mti mara nne kama unavyogawanya chapati. Chuna robo mbili zinazoelekeana, ziache robo mbili, kisha usiuguse mti huo kwa miaka minne au mitano mpaka gome limerudi. Ilikuwa kanuni nzuri. Miaka ya 1980 serikali ikatoa vibali kwa wafanyabiashara wengi zaidi, na kanuni ikafa. Kila aliyefika kwenye mti alijua kwamba asipochuna yote leo, mwenzake atachuna kesho. Miti ikachunwa kuzunguka, mingine ikaangushwa kabisa ili hata magome ya matawini yapatikane. Mwaka 1995 mwiritsa ukawekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ule unaoitwa CITES, na hauvuki mpaka kihalali bila kibali. Mwaka 2007 nchi za Umoja wa Ulaya zikasimamisha kabisa kununua magome ya Kameruni kwa miaka kadhaa. Wanakijiji waliokuwa wakitegemea biashara hiyo wakabaki bila miti na bila mnunuzi.

Sasa pigeni hesabu yenu wenyewe. Mwiritsa uliopandwa unahitaji miaka 12 hata 15 kabla ya kuchunwa mara ya kwanza. Miti yetu hapa, tukiitembea yote kuanzia mtoni mpaka kilimani, haifiki 20. Mtu wa pikapu akiipata yote, atalipa mara moja. Halafu atakwenda kwingine, na mtoto aliyezaliwa leo atakuwa na miaka 12 hata 15 kabla hatujapata mti mwingine wa kuchuna, kama kuna aliyekumbuka kupanda. Zaidi ya hayo, hii miti iliyobaki ndiyo mama wa mbegu. Mbegu ya mwiritsa haikai. Huwezi kuiweka kwenye mkebe ukingoje msimu ujao kama maharagwe, inapoteza uhai haraka, lazima ipandwe ikiwa mbichi. Ukiua mama, hakuna duka utakalokwenda kununua mbegu hiyo kirahisi.

Kwa hiyo ofisi yenu inasema hapana, msimuuzie. Tunalisema tukijua kwamba deni la tangi halingoji na watoto wale wawili wako nyumbani leo. Hatutawadanganya kwamba mitishamba italipa madeni hayo mwaka huu. Habari ya karo tumeshaipeleka kwa paroko, na ya tangi tutaizungumza na viongozi wa kikundi hicho peke yao baada ya mkutano.

Lakini hatukwenda Kakamega kujifunza kusema hapana tu.

Mmea wa pili tulioonyeshwa mnaufahamu wote, maana hakuna stendi ya basi magharibi ambako hauuzwi: mukombero. Ule mzizi unaotafunwa, wenye harufu tamu, ambao wanaume huununua wakijifanya ni wa kuleta hamu ya chakula. Mukombero ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti. Kwa miaka mingi watu waliung'oa msituni mzima mzima, na aliyeng'oa leo kesho alienda mbali zaidi, mpaka kuupata karibu ikawa bahati. Pale bustanini wameupanda chini ya miti ya kivuli na kuuwekea vijiti vya kupandia. Wanafukua upande mmoja, wanachukua mizizi ya pembeni, wanaacha ile ya kati, wanarudishia udongo. Mama alilinganisha na kukama ng'ombe: humchinji ili upate maziwa ya chai ya asubuhi. Tulipouliza kama unaweza kumea huku kwetu alisema mahali popote penye kivuli, unyevu na mtu mwenye subira. Hilo la mwisho ndilo tulilolitilia shaka zaidi.

Wa tatu ndio ambao kina mama wa kikundi cha ushonaji waliuandika mara mbili daftarini. Jina lake huko ni mwonyi. Ni kichaka cha jamii ya kivumbasi, majani yake ukiyasugua yananuka kafuri. Watu waliutumia kwa mafua, kifua na kufukuza mbu. Sasa karibu na msitu huo kuna kikundi kinachoitwa Muliru Farmers Conservation Group, na tunakitaja kwa jina kwa sababu habari zake zinajulikana nchini na nje. Wakulima hao, kwa msaada wa watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE, waliacha kwenda msituni na kuanza kupanda mwonyi mashambani mwao. Mwonyi hukatwa majani ukachipuka tena, hauhitaji miaka 15. Kisha hawauzi majani tu. Wana mtambo wa kukamua mafuta kwa mvuke. Namna yake ni rahisi kuielewa kwa mtu yeyote aliyewahi kuona chang'aa ikipikwa (hatuulizi ni nani). Maji yanachemka chini, mvuke unapita katikati ya majani na kubeba mafuta, unaingia kwenye bomba linalopozwa kwa maji baridi, unageuka majimaji, na mafuta yanaelea juu yakakusanywa. Mafuta hayo ndiyo yanayotengeneza dawa ya kupaka inayouzwa kwa jina la Naturub, kwa mafua, maumivu ya misuli na kuumwa na wadudu, nayo ilisajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya serikali. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wapendwa, angalieni kilichofanyika hapo. Anayeuza gunia la majani hupewa bei anayotaka mnunuzi. Anayeuza kichupa chenye lebo na namba ya usajili anataja bei yake. Lakini msikimbilie mtambo. Kikundi hicho kilifanya kazi miaka mingi na kilikuwa na watafiti kando yake. Sisi tuanze na mmea.

Mimea mingine tutaitaja kwa haraka. Muthiga, ambao gome lake ni kali kama pilipili na hutumika kwa kifua na meno: pale wanawafundisha watu kutumia majani badala ya gome, kwa sababu majani nayo yana ukali ule ule na mti hauumii. Murembe, mnaujua, ule wa maua mekundu na miiba. Musutsu, ambao mama alituonya kwa kidole kwamba mbegu zake ni sumu na zimewahi kumwendesha mtu mpaka akapelekwa hospitali. Na kulikuwa na mwarobaini, ingawa yeye alituambia wazi kwamba huo ni mgeni aliyetoka Bara Hindi na yeye hajui kwa nini watu wanausifu kuliko wa nyumbani.

Tulimpenda mama huyu zaidi kwa yale aliyokataa kuyafanya. Tulipokuwa bado naye alikuja mama kijana na mtoto mgongoni, mtoto ana joto kali. Hakumpa hata jani. Alimgusa paji la uso, akamwambia mamake apande bodaboda aende kituo cha afya apimwe damu, na akamtolea mwenyewe nauli kutoka kwenye kitambaa. Baadaye alitueleza: malaria ya mtoto haingoji chai yangu. Sisi wenye vyeti tumelisema jambo hilo katika semina nyingi, lakini hatujawahi kulisema kwa maneno machache hivyo.

Hapa lazima tuwe wazi, kwa sababu miaka iliyopita vikundi vingi Kenya viligawiwa miche ya artemisia na kuambiwa wanywe chai yake kwa malaria. Ni kweli kwamba dawa kubwa ya malaria ya siku hizi, artemisinini, ilitokana na mmea huo wa China, na mwanasayansi Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Kwinini nayo ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini. Lakini kati ya mmea na kidonge kuna kipimo. Kidonge kina kiasi kilekile leo na kesho. Kikombe cha chai hakina, kinategemea udongo, msimu na mkono wa mpishi. Chai hafifu huwaua vijidudu vilivyo dhaifu ikaacha vile sugu. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2012, likarudia mwaka 2019, kwamba halipendekezi chai hiyo kwa kutibu wala kuzuia malaria. Basi yeyote mwenye mche wake aupende kama maua.

Vivyo hivyo, mzee mwenye shida ya mkojo asijichemshie mwiritsa kimya kimya miaka miwili. Uvimbe wa kawaida na saratani ya tezi huanza kwa dalili zinazofanana, na gome haliponyi saratani. Apimwe kwanza. Mama mjamzito asinywe kitu chochote kichungu kwa sababu tu jirani alikunywa akapona. Na anayetumia dawa za virusi vya ukimwi, presha au sukari asiziache, wala asichanganye na mitishamba kabla ya kumwambia mhudumu wa kliniki. Mwambieni ukweli. Akikukaripia, njoo kwetu tuzungumze naye.

Jambo moja zaidi, kisha tutaingia kwenye kazi. Kuna ua dogo la pinki ambalo wengi mmelipanda mbele ya nyumba bila kujua jina. Asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Kanada na Marekani waligundua ndani yake dawa za saratani, na moja kati ya hizo imesaidia kuokoa watoto wengi wenye saratani ya damu duniani kote. Tunamshukuru Mungu. Lakini kampuni ndiyo iliyopata fedha, na vijiji vya Madagaska vilibaki jinsi vilivyokuwa. Siku hizi Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Inatambua kwamba maarifa hayo ni ya jamii iliyoyatunza, na anayetaka kuyatumia kibiashara lazima apate idhini ya jamii hiyo kwanza. Basi akija mtu na kalamu na kamera, akiwauliza wazee wenu kuhusu mti huu na ule, mpeni chai, kisha mwulizeni ametumwa na nani na kibali chake cha utafiti kiko wapi. Huo si utovu wa adabu.

Sasa kazi. Tulikubaliana na wale 28 kabla ya kushuka basini, na leo tunawaomba nyinyi mkubali au mkatae.

Kila kikundi kitanunua daftari moja la jalada gumu. Vijana wawili wanaojua kuandika vizuri watakaa na wazee wa kijiji, na kwa kila mmea wataandika jina la lugha ya mama, sehemu inayotumika, namna ya kutayarisha, kiasi, na nani hapaswi kuutumia. Kama mzee hataki kusema mbele ya watu, aende mtu mmoja anayemwamini. Daftari litakaa kwa mwenyekiti, halitatoka kijijini, na hata sisi ofisini hatutalinakili.

Kitalu cha mwiritsa kitakuwa hapa parokiani, nyuma ya jiko la shule ya nasari, mahali penye kivuli na bomba. Matunda yakiiva na kugeuka rangi ya zambarau iliyokolea, kikundi cha upande wa mtoni kitaokota chini ya miti kabla nyani na ndege hawajamaliza, kitaosha nyama yote ya tunda, na kuleta mbegu siku hiyo hiyo au kesho yake. Kila kikundi kilete pakiti tupu za maziwa 50 zilizooshwa na kutobolewa chini, na debe moja la mbolea iliyooza vizuri. Miche itapandwa kwenye mipaka ya mashamba na kando ya mto. Miche ya mukombero 40 tulinunua pale pale, iko hapa nje chini ya mwembe. Makatibu watie sahihi wakichukua, mitano kwa kila kikundi.

Na mtu wa pikapu akirudi kabla ya mkutano wetu ujao, msigombane naye. Mwambieni alete kibali cha mamlaka ya misitu, na ajieleze kwa chifu. Akiwa nacho kweli, tutakisoma pamoja naye hapa ukumbini, mstari kwa mstari. Maswali sasa. Tuanze na kina mama wa nyuma, maana wao wana safari ndefu.